Sharubati Isiyo na Sukari

Msaken, 3 Julai 1994

Radhia mwanangu,

Amani iwe juu yako, na juu ya Hedi, na juu ya huyo wa tumboni. Sisi wazima. Binti yako Nesrin alishuka melini Tunis juzi, shemeji yako Nejib akampokea, na kufikia saa ya chakula alikuwa ameshavua viatu na kuwafukuza kuku wa jirani yetu Saluha. Ana miaka saba na ulimi wa miaka sabini. Ameniambia kuskusi yangu inanukia vizuri lakini yeye "haruhusiwi". Nani kamfundisha mtoto neno hilo?

Orodha yako nimeibandika ukutani jikoni. Hakuna nyama, hakuna samaki, hakuna mayai, hakuna maziwa, hakuna jibini, hakuna dengu, hakuna mkate ila wa ule unga uliomfungia kwenye begi. Kurasa mbili nzima! Ungefupisha tu, ungeandika "ale upepo". Huo unga wa kopo anaokunywa mara tatu kwa siku unanuka kama soksi za marehemu baba yako, lakini nasimama juu yake mpaka kikombe kiwe kitupu. Tumbo gani hilo lisilotaka hata yai? Mama yangu alitulea watoto tisa kwa mayai.

Mimi na kisukari changu tunagombana kama kawaida. Tijani wa duka la mkaa amekatwa mguu wa kulia, mguu mzima, na wiki mbili kabla alikuwa anacheka na sisi mlangoni. Niliporudi kutoka kumwona nilichukua sukari yote ya nyumba hii, hata ile ya wageni, nikampelekea Saluha. Siitaki ndani. Sasa ninakunywa chai kwa vile vidonge vya utamu unavyonitumia, na makasha sita uliyompa Nesrin yamefika yote.

Ila Saluha anasema vinakula ubongo. Amesikia kwa mteja wake saluni, na mteja amesikia kwa shemeji yake aliyeko Ujerumani, kwamba soda zisizo na sukari ni hivyohivyo, mtu anaanza kusahau majina ya watoto wake. Nikamwambia, Saluha, wewe hujala hata kimoja, mbona ubongo hauonekani? Lakini niambie kweli, mwanangu. Vina madhara?

Harusi ya mdogo wako Samia na Nejib ni tarehe ishirini na saba Agosti, Mungu akipenda. Dada yangu Aljia ananunua vitu kana kwamba anamwoza sultani. Mmoja wa wanawe tayari ni mume wako, sasa anakuja kumchukua Samia kwa mdogo wake, na bado analalamika kwamba simpi kitu. Hayet binti yake alizaa Machi, mtoto wa kiume, mzuri wa kutazamwa.

Lala kama daktari alivyokuambia. Usinyanyue hata sufuria.

Mama yako, Mongia


Marseille, 12 Julai 1994

Mama mpenzi,

Barua yako imenichekesha mpaka Hedi akaja kuniangalia. Daktari ananikataza hata kucheka sana. Miezi mitatu bado, yote ya kitandani, na dirisha langu linatazama ukuta.

Kuhusu vidonge, hayo ni maneno ya saluni. Nilimuuliza mwenye duka la dawa kabla sijakutumia mara ya kwanza. Alisema watu wa kisukari wanavitumia miaka na miaka, na kwamba kila kitu kipya lazima kizushiwe ugonjwa. Kunywa bila hofu, Mama. Bora hivyo kuliko mguu wa Tijani.

Kuhusu Nesrin nakuomba, nakupigia magoti nikiwa nimelala, fuata orodha. Hata kipande cha jibini, hata kijiko cha unga wa bsisa, hata mkate wa kuchovya kwenye pilipili ya harissa. Najua atakutazama kwa macho yale, na najua majirani watasema mtoto wa Ufaransa anashindishwa njaa. Waseme. Ukimwonea huruma utamuumiza. Na kopo la unga asiliruke hata mara moja.

Ni tumbo tu, Mama. Mama Mkubwa Aljia akiuliza mwambie tumbo. Akiuliza tena mwambie tumbo tena.

Kama si mimba hii nisingemtuma peke yake. Hedi anafanya zamu mbili, na mimi siwezi kusimama jikoni kumpimia chakula chake. Nilifikiri, kwa mama yangu atakuwa salama kuliko popote.

Mwanao, Radhia


Msaken, 20 Julai 1994

Radhia,

Maneno yako kuhusu vidonge nimemsomea Saluha mlangoni, kwa sauti, ili na wapita njia wasikie. Ameninunia siku mbili.

Orodha naifuata kama Fatiha, sirukii mstari. Na jambo moja nimeongeza mwenyewe, utanishukuru: sukari haijagusa ulimi wa Nesrin tangu aingie nyumba hii. Kisukari kiko kwangu, kilikuwa kwa baba yako, kwa nini kimpate na yeye? Kila asubuhi nasaga malimau mazima na maganda yake, natia maji ya barafu, natia vidonge thelathini kwenye jagi kubwa, na yeye ndiye mnywaji mkuu. Kwa joto hili anamaliza jagi kabla ya adhuhuri, jioni tunatengeneza la pili. Na Nejib ameleta soda zisizo na sukari za harusi, masanduku yamepangwa mpaka dari, nikasema makopo mawili kwa siku ni haki ya Nesrin. Maskini hana anachoruhusiwa kula, basi angalau anywe.

Juzi Aljia alimpa peremende. Nikaitoa mdomoni kwa kidole. Aljia akasema, "Mongia, umekuwa mlinzi wa gereza?" Nikamwambia ndiyo, na wewe usitembelee wafungwa bila ruhusa.

Mtoto amechoka kidogo kwa jua. Si kitu. Nimemfukizia uvumba, maana jicho la watu limezidi.

Kapu la zawadi za bibi harusi litaletwa tarehe ishirini na nne Agosti. Natamani ungekuwepo.

Mama yako, Mongia


Msaken, 21 Julai 1994

Dada Radhia,

Mama hajui kama nakuandikia. Naipeleka barua posta mwenyewe nikienda kwenye karakana ya kudarizi.

Nesrin si yule aliyeshuka melini. Wiki ya kwanza alinihesabia kwa Kifaransa mpaka mia, akanisahihisha na matamshi. Juzi nilimwambia ahesabu, akafika kumi na mbili akanitazama kama mtu aliyeingia chumba akasahau alichofuata. Alilia, kisha akaniuma mkono, Nesrin, ambaye hajawahi kumpiga hata paka. Vidole vinamtetemeka akishika kikombe. Mikunjo ya viwiko imetoka vipele vyekundu. Anakaa kizingitini anajitikisa mbele na nyuma.

Mama anasema jua. Lakini kila siku anafua foronya ya mtoto. Nikimuuliza anasema jasho. Jana nilimkuta kwenye beseni nje ameishika puani, amesimama hivyo muda mrefu, na uso wake sijapata kuuona hivyo. Aliponiona akaichovya majini akaanza kuimba.

Tumbo halimfanyi mtu asahau kuhesabu. Niambie, ana nini?

Samia


TELEGRAMU. Marseille, 30 Julai 1994

NESRIN ASIPEWE VIDONGE VYA MAMA WALA SODA ZA NEJIB HATA TONE. SUKARI ANARUHUSIWA. MPELEKENI HOSPITALI SUSA LEO DAMU IPIMWE. DAKTARI AKAPIGE SIMU NAMBA ILIYO NYUMA YA ORODHA. BARUA INAKUJA. RADHIA


Marseille, 30 Julai 1994

Mama,

Barua yako na ya Samia zimefika pamoja leo asubuhi. Nilisoma yako kwanza. Nilipofika kwenye jagi na vidonge thelathini nilipiga kelele mpaka jirani wa juu akashuka. Hedi ameshakimbia posta na telegramu. Nisamehe mwandiko, naandika kwa haraka.

Nesrin hana ugonjwa wa tumbo. Hajawahi kuwa nao. Alipokuwa na siku tatu hapa hospitali walimtoboa kisigino, kama wanavyowatoboa watoto wote, wakachukua tone la damu, na wiki moja baadaye wakatuita. Kwenye kadi yake imeandikwa fenilketonuria. Nilijifunza kulitamka neno hilo kwa siku mbili. Mwili wake hauwezi kukivunja kitu kimoja kilichomo kwenye nyama, maziwa, mayai, dengu, vyakula vyote vya nguvu. Kitu hicho kinabaki kwenye damu, kikizidi kinapanda kichwani, na kinaharibu akili ya mtoto kidogokidogo bila homa wala kilio. Akifuata orodha anakuwa kama mtoto yeyote. Asipofuata, anapotea akiwa hai.

Na vile vidonge, Mama, karibu nusu yake ni kitu hichohicho. Soda za Nejib ni hivyohivyo. Wewe huna la kuogopa, nimempigia daktari tena leo nikamuuliza na kwa ajili yako. Ni kwa watu wa aina ya Nesrin tu. Ile peremende ya Mama Mkubwa uliyoitoa kwa kidole isingemfanya kitu. Sukari haimdhuru. Nilikuandikia kurasa mbili za vyakula na sikuandika neno moja kuhusu vidonge, kwa sababu huku mtoto hapewi dawa ya chai ya bibi yake, na kwa sababu nilivinunua kwa mkono wangu nikavifikiria kuwa ni vyako peke yako. Nilimfungia yeye mwenyewe kwenye begi. Makasha sita.

Utauliza kwa nini sikusema. Ugonjwa huu unarithiwa, na lazima utoke pande zote mbili, kwangu na kwa Hedi. Alipoambiwa, Hedi alikaa kwenye ngazi za hospitali akasema: "Mama yangu atasema umetoka kwenu, mama yako atasema umetoka kwetu, dada wawili hawatakunywa tena chai meza moja, na Samia na Nejib basi tena." Tukasema tumbo. Mwaka wa kwanza uongo ulikuwa mzito, baadaye ukawa kama samani ya nyumbani.

Damu yake haitakiwi kupita sita. Niandikie ni ngapi.

Radhia


Msaken, 3 Agosti 1994

Dada,

Barua yako haijafika, telegramu imefika. Mama aliisoma mara moja, akamwaga jagi kwenye mti wa ndimu, akajitanda shuka lake la safsari, tukapanda teksi ya Susa na Nesrin katikati. Daktari ni mwanamke, kijana. Alipiga simu huko kwenu akazungumza nusu saa, akarudi amebadilika rangi. Damu imepelekwa Tunis.

Niliporudi nilichukua kasha la vidonge nikalisoma, Kifaransa, maandishi madogo kuliko mguu wa sisimizi. Imeandikwa hapo kwamba havifai kwa wenye ugonjwa fulani. Jina la ugonjwa ni hilohilo alilolitaja daktari kwenye simu. Kasha limekaa mezani mwezi mzima, Mama hasomi Kifaransa, na mimi ninayekisoma sikuligeuza.

Nilimuuliza daktari ugonjwa huu mtu anaupataje. Aliniuliza kwanza kama wazazi wa mtoto ni ndugu. Radhia, mimi naolewa na mdogo wa mumeo baada ya wiki tatu. Ungeniambia lini?

Samia


Msaken, 9 Agosti 1994

Radhia,

Majibu yametoka Tunis: ishirini na tatu. Nimeiandika namba hiyo mwanzo ili usiitafute katikati ya maneno yangu. Ilikuwa ya siku ya telegramu. Jana wamempima tena, imeshuka hadi kumi na nne. Daktari anasema akishuka vizuri kumbukumbu itarudi, kama si yote basi sehemu kubwa, kwa sababu ni wiki chache tu na miaka saba ulimlinda. Leo asubuhi alihesabu mpaka arobaini. Nilikuwa nimeshika ufagio, nikakaa chini.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, chini ya orodha yako. Nimeisoma mara nne. Sasa nisikilize, na kama una mtu karibu mwambie akae nawe.

Kaka yako Beshir hakuanguka kutoka darini.

Mmekua mkiambiwa kwamba siku ya Idi, akiwa na mwaka mmoja, nilimwacha darini, juu ya nyumba, nikianika nguo, akaanguka, kichwa kikaharibika. Hakuna siku hiyo. Alizaliwa mzima, mwekundu, analia kama ng'ombe. Miezi michache baadaye nywele zake zikaanza kupauka. Sisi wote weusi wa nywele, na yeye akawa na nywele za rangi ya majani makavu na macho mepesi, na watu wakasema mashallah, Mongia kazaa Mfaransa. Nikajivuna, Radhia. Nilimvisha nguo nyeupe nikampitisha sokoni. Hiyo ndiyo ilikuwa dalili. Daktari wa Susa amenieleza juzi, nilipomuuliza kwa ujanja kana kwamba nauliza ya jirani.

Kisha hakukaa, hakutembea, hakusema. Alijitikisa mbele na nyuma. Na alikuwa na harufu, kwenye jasho, kwenye foronya, harufu kama ya panya kwenye sanduku la nguo. Nilimfua miaka kumi na tisa na haikutoka. Wiki ya tatu ya Julai nilitandua kitanda cha Nesrin nikaisikia. Nilijua saa ileile. Pua yangu ilijua kabla yangu. Nikafua foronya, nikafukiza uvumba, nikaenda kumwongezea kidonge kimoja kwenye sharubati, maana alikuwa analia.

Kwa nini nilisema dari? Mama mkwe wangu alisema, mtoto wa namna hii akijulikana, dada zake hawataolewa. Watu watasema damu. Nikachagua niitwe mama mzembe. Mama mzembe ni mmoja, damu mbaya ni ya ukoo mzima. Hata Aljia hajui. Miaka thelathini na nane nimesalimiwa na wanawake wanaofikiri nilimwacha mwanangu darini, na nimeitikia.

Halafu Hedi alipokuja kukuposa, mwana wa dada yangu, mimi ambaye mume wangu naye alikuwa mwana wa ami yangu, nilisema nini? Nilipiga vigelegele.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi kilio kilinifichua nikakifunika na chenyewe.

Mama yako, Mongia


Marseille, 16 Agosti 1994

Mama,

Nimechukua siku mbili kabla ya kushika kalamu, na hata sasa sijui kama nakuandikia wewe au mwanamke mwingine.

Nilikuwa na miaka kumi na moja alipokufa Beshir. Ni mimi niliyekuwa namlisha kwa kijiko. Nilikuwa nikipanda darini najifungia na kuhesabu hatua kutoka ukingoni, nikijiuliza uligeuka wapi mpaka usimwone. Nilikuchukia kwa dari ile, Mama. Nilikupenda na nilikuchukia, na nilijisikia mwovu kwa yote mawili.

Waliponiambia kuhusu Nesrin niliwaapia madaktari hakuna mtu kwetu aliyewahi kuwa hivi. Waliuliza mara tatu. Wakaandika "hakuna". Hedi miaka saba anajiuliza amefanya dhambi gani.

Ungenishika mkono siku ya posa ukaniambia. Pengine ningemkubali hata hivyo, nampenda. Lakini ningejua.

Halafu nakasirika nusu saa, na nusu saa nyingine nakumbuka kwamba mimi nimekufanyia hivyohivyo, na juu ya hayo nikakutumia mtoto. Huyu wa tumboni naye watamtoboa kisigino, na nitangoja wiki.

Samia ana haki ya kujua kila kitu kabla ya tarehe ishirini na saba. Mwambie wewe. Mimi nitamwandikia lakini barua itachelewa.

Radhia


Msaken, 28 Agosti 1994

Radhia,

Harusi haikufanyika jana. Nakuandikia ujue ilivyokuwa, kutoka kwangu, kabla hujasikia kutoka kwa watu kumi na kila mmoja na yake.

Samia nilimwambia usiku uleule barua yako ilipofika. Akauliza, "Nejib anajua?" Nikasema bado. Akasema, "Basi mwambie mbele ya wote, maana ukimwambia Mama Mkubwa peke yake ataizika." Anamjua Aljia kuliko mimi.

Walikuja na kapu siku ya Jumatano, wanawake wapatao thelathini, ngoma mbele, Aljia amevaa hariri na ameshikilia hina juu kama bendera. Nejib na wanaume walikuwa uani. Nikawaita waje mlangoni. Nikasema, "Kabla hamjafungua kapu, nina la kusema kuhusu mwanangu Beshir."

Aljia akasema, "Leo? Mongia, mwache marehemu alale."

Nikasema, "Amelala vya kutosha. Hakuanguka."

Nikasema yote. Nywele, macho, kujitikisa, harufu, sharubati, Nesrin. Nilipofika kwenye damu Aljia akainuka.

"Kwetu hakuna kitu kama hicho. Cha mume wako hicho."

"Hakitoshi kwa mume wangu peke yake, daktari amesema. Lazima na kwangu. Na mimi na wewe tumelala tumbo moja, dada."

"Unanivunjia mwanangu harusi yake mbele za watu."

"Ndiyo," nikasema. "Mpaka wapimwe."

Alitaka kunipiga, naamini. Mkono ulikuwa umeshainuka. Ndipo Hayet binti yake, ambaye alikuwa ameketi karibu na mlango, akauliza kwa sauti ndogo sana, "Mama mdogo, alizaliwa na nywele hizo?"

Nikasema hapana. Alizaliwa nazo nyeusi, zikapauka.

Hayet akavua kofia ya mtoto. Ana miezi mitano. Sote tulikuwa tumeshakiona kichwa hicho, Radhia, tumekibusu, tumesema mashallah, na mimi nimesema pamoja nao. Nyumba nzima ilikitazama. Aljia alishusha mkono wake taratibu akaushika ukuta. Hayet aliinuka akatoka na mtoto, akapita katikati ya viatu vyote vya wanawake pale mlangoni bila kuvaa vyake, na Nejib akamkimbilia na gari.

Niliwafuata Susa kwa teksi. Aljia alipanda nami. Njiani akamwambia dereva umepotea, unatupeleka Kalaa Kebira, mji ambao haupo hata upande huo, dereva akasema hajapotea, na kweli hakuwa amepotea. Aljia ndiye aliyekuwa haoni njia kwa machozi.

Majibu yametoka leo. Mtoto wa Hayet anao. Daktari amesema amechelewa miezi mitano na si miaka, wataanza kumpa maziwa maalumu ya ugonjwa huu kesho, na wana matumaini makubwa. Nimemuuliza mara mbili kama anasema hivyo kunifariji. Akasema yeye hafariji watu, anawatibu.

Nejib na Samia wanapimwa Tunis wiki ijayo. Wamekaa uani tangu asubuhi. Nejib amemwambia atamtaka kwa vyovyote. Samia amemwambia asiseme hivyo mpaka karatasi ije. Sijui itakuwaje. Damu ya Nesrin imeshuka hadi saba, mwenyewe anahesabu mpaka mia, na ameniambia matamshi yangu ni mabaya. Meli yake ni Jumamosi.

Tulipokuwa tunaondoka hospitali, yule daktari kijana alinishika mkono. Akasema, "Bibi, kwa umri huu wengi tunawapata wameshaharibika. Dalili zile nani alikufundisha?" Nikamwambia mwanangu. Akaniuliza, na mwanangu naye ni daktari? Radhia, nikasema ndiyo. Sikuwa na jibu lingine la kweli.

Mama Beshir